Makopo Matatu ya Rangi Nyeupe

Sogeeni, na mwenye haraka aondoke sasa, asije akanikatisha katikati. Kisa nilichonacho leo hakina mwisho. Sikuusahau, sikupewa. Nitawafikisha mlangoni, halafu nyinyi ndio mtakaobisha hodi. Mko tayari? Haya, twende.

Katika nyanda za juu za Njombe, kijiji cha Ikingula, ambako mtu hulivua koti kwa ajili ya kuoga tu na hata hapo hulivua kwa kunung'unika, walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwalimu Kanuti Mgaya, mwalimu wa kwaya aliyestaafu. Huyu alipewa masikio. Watu arobaini wakiimba kwa pamoja, Mwalimu alikuwa anamnyooshea kidole yule mmoja aliyekuja kanisani na mafua.

Wa pili ni Mama Atupele, mfinyanzi, Mkisi wa kando ya Ziwa Nyasa, aliyeolewa huku kwenye baridi na akabaki huku hata mumewe alipofariki. Huyu alipewa mikono. Vyungu vyake vilikuwa na unene mmoja kuanzia mdomoni mpaka kitakoni, na hakuwahi kupima chochote kwa kitu kingine zaidi ya vidole.

Wa tatu ni Chesko Ngailo, utingo wa malori kwa miaka ishirini. Huyu alipewa miguu na mdomo. Ungepoteza sindano Tunduma, Chesko angekuletea kutoka Chalinze, pamoja na salamu za aliyeiokota.

Na aliyewakusanya hao watatu ni Mzee Danstani Luvanda, ambaye kila mtu alimwita Afande. Yeye kipaji chake kilikuwa kupenda kitu kimoja kupita kiasi, na kipaji cha namna hiyo, ndugu zangu, huwatesa wengine kabla hakijamtesa mwenyewe.

Kitu chenyewe kilikuwa lori la jeshi la zamani. Pua yake fupi, magurudumu yanafika kifuani mwa mtu, na juu ya kichwa cha dereva msaidizi paa lina tundu la mviringo, ambamo zamani askari alikuwa anasimama na bunduki yake. Afande aliliendesha miaka kumi na moja alipokuwa kikosini. Alipostaafu alilikuta kwenye mnada, limekufa, limeota majani ndani ya bodi, akalinunua na kulivuta nyumbani kwa matrekta mawili. Akalijengea banda zuri kuliko jiko la mkewe. Akalipa jina Shangazi, kwa sababu, alisema, akinuna hasemi na mtu wiki nzima, na akikutembelea lazima umtafutie cha kunywa.

Basi kila Jumamosi hao wanne walikutana bandani. Hawakuwa mafundi wa kulipwa, wala hakuna aliyewatuma. Wengine Jumamosi hucheza bao. Wao walifungua nati, wakazipaka mafuta, wakazifunga. Lusungu, binti wa Afande, alikuwa analeta chai ya tangawizi, anaiweka kwenye ngazi ya banda na kurudi ndani bila kulitazama lori. Kwa nini hakulitazama, nitawaambia. Vumilieni.

Afande alikuwa na sheria moja aliyotoka nayo jeshini. Kikosini kwao kila gari lilikuwa na dereva wake, na jina la dereva liliandikwa mlangoni kwa rangi nyeupe. Jina moja. "Gari la watu wawili ni yatima," alipenda kusema. "Kila mmoja anadhani mwenzake ameangalia oili." Mlango wa Shangazi ulikuwa umepakwa kijani kibichi tangu mwaka wa kwanza, na mahali pa jina paliachwa wazi. Yeye mwenyewe hakujiandika. Alisema hajastahili bado, gari halijaamka sawasawa.

Sasa sikilizeni jinsi alivyokosea.

Injini ya Shangazi ilikuwa inakohoa na kufa, inakohoa na kufa, miaka miwili. Mwalimu Kanuti aliingia jikoni kwa Lusungu akaazima mwiko wa ugali. Ncha moja akaiweka kwenye chuma cha injini, nyingine sikioni, akafumba macho.

"Wako sita humu," akasema. "Watano wanaimba. Wa tatu anafungua mdomo, hafungi."

Wakafungua injini, na kweli, vali ya silinda ya tatu ilikuwa haikai mahali pake. Ilitakiwa kusagwa kwa mkono, taratibu, mpaka ikae, na kila ikisagwa Mwalimu alisikiliza na kutikisa kichwa. Miezi saba ilipita hivyo. Siku moja alikuja na kofia mkononi. Kanisani wamemwomba arudi kuifundisha kwaya, na mazoezi ni Jumamosi. Afande akamshika Mwalimu kiwiko, akampeleka nyuma ya banda.

"Mwalimu, usiniache. Siku Shangazi akiamka kwa masikio yako, jina nitakaloandika mlangoni ni lako, na ufunguo nitakukabidhi wewe. Wewe peke yako. Ila usiwaambie wenzako."

Mwalimu akaikataa kwaya. Wiki ya tano baada ya hapo, wa tatu akafunga mdomo.

Likaja tatizo la pampu ya maji. Nyumba yake, lile ganda la nje, ilikuwa imepasuka, na nyingine ya aina ile haipo nchi nzima. Mama Atupele aliishika ile iliyovunjika, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya. "Mimi nitaifinyanga," akasema. Akatengeneza kalibu ya udongo, vipande viwili vinavyofumbatana, ili wayeyushe sufuria na kumimina humo. Udongo unataka kukauka wenyewe, kivulini, bila kuharakishwa. Afande kwa kiherehere chake akausogeza karibu na moto. Ukapasuka. Mama Atupele akatengeneza wa pili. Afande akauanika juani. Ukapasuka. Wa tatu Mama Atupele aliufungia chumbani kwake, ufunguo akauning'iniza shingoni. Sufuria walizokuwa nazo hazikutosha, basi akaleta ile kubwa aliyopewa siku ya harusi yake, akaitumbukiza motoni huku akitazama pembeni. Kabla ya kumimina, akasema kwamba kazi hii ikiisha anarudi ziwani kwa ndugu zake. Baridi imemchosha na nyumba imekuwa kimya.

Afande akamfuata mpaka kwenye mlango wa banda.

"Mama Atupele, usiende. Jina la mlangoni ni lako. Umeyeyusha sufuria ya harusi yako, nani mwingine atastahili? Lakini ibaki kati yangu na wewe."

Mama Atupele hakurudi ziwani.

Halafu breki. Breki za Shangazi zilikuwa za kuomba Mungu. Chesko akasema lazima wafunge breki za upepo kama za mabasi. Afande alikasirika kweli: gari la jeshi halivalishwi suti ya kiraia! Wakanuniana wiki mbili. Mwishowe Chesko aliondoka bila kuaga, akapotea siku tisa, akarudi amebeba kompresa na mitungi ya upepo ya basi lililokufa, mabega yamechubuka. Alikuwa amevibadilisha kwa saa yake ya mkono, ile aliyopewa na tajiri wake siku ya mwisho ya kazi, kitu pekee alichokuwa nacho cha kuonyesha kwa miaka ishirini. Na akasema safari hii Afande akikataa, yeye haji tena.

Afande aliutazama mkono wa Chesko, pale saa ilipokuwa, ngozi ikiwa nyeupe kidogo.

"Funga," akasema. Na wenzake walipoinama chini ya gari, akamnong'oneza: "Chesko, mlango ni wako. Jina ni lako. Funga mdomo tu."

Hapo mtu atasema Afande alikuwa mwongo. Mimi nilishasema hivyo, nikakatazwa. Kila mara alipoahidi, alikuwa anamaanisha. Aliyekuwa mbele yake ndiye aliyekuwa anaondoka, na mzee yule hakuogopa kifo kama alivyoiogopa Jumamosi isiyo na mtu. Ahadi ya kwanza aliisahau? Hapana. Aliiweka kando tu, akijiambia ipo siku atapata njia. Nyinyi hamjawahi?

Sasa Lusungu. Baba yake alimfundisha kuliendesha lori lile akiwa na miaka kumi na tano, enzi lilipokuwa bado linajikongoja mara moja moja ndani ya shamba. Alimfundisha kukanyaga klachi mara mbili kila anapobadili gia, maana Shangazi haingii gia kwa haraka. Mtoto akaweza, akalipenda. Kisha mama yake akaugua msimu wa mvua, barabara imekatika, na Shangazi yuko bandani amefunguliwa vipande vipande. "Ijumaa atakuwa tayari," Afande alisema. Ijumaa hakuwa tayari. Walimbeba mama kwa kitanda, wakachelewa. Lusungu hakumlaumu baba yake kwa maneno hata siku moja. Aliacha tu kulitazama lori.

Turudi kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Machi, Jumamosi asubuhi, mvua imenyesha siku nne. Shangazi alikuwa amekamilika: vali, pampu, breki. Alikuwa ameshazunguka uani mara mbili lakini hajatoka getini. Afande aliinama kuokota spana, na mkono wake wa kulia ukakataa. Akautazama, akashangaa. Akataka kusema, "Hebu njooni muone mkono huu," yakatoka maneno ya mtoto mchanga. Halafu sakafu ikaja.

Aliwasikia wote vizuri. Hilo mlielewe: alisikia kila kitu tangu mwanzo mpaka mwisho. Alimsikia Chesko akipiga simu, na gari la wagonjwa likijibu kwamba limekwama ng'ambo ya mlima na haliwezi kupita kwenye matope. Mlima wenyewe madereva wanauita Shikamoo, kwa sababu hakuna gari lisilouinamia.

"Kuna Shangazi," akasema Mama Atupele.

Lakini nani ataliendesha? Mwalimu Kanuti alijua baiskeli tu. Mama Atupele hata baiskeli hakujua.

"Msinitazame mimi," Chesko akasema. "Mimi ni utingo. Miaka ishirini nimekaa upande wa kushoto."

Afande akiwa chini, shavu lake kwenye saruji, aliona viatu vya binti yake vinakuja. Mkono wa binti ukaingia kwenye mfuko wa koti la baba, ukatoa ufunguo.

Wakamlaza nyuma, kwenye bodi, juu ya godoro, wakamfunika turubai. Mama Atupele akakaa akampakata kichwa. Lusungu akapiga stata. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikafa. Akapiga tena, na tena. Afande alisikia betri inachoka, na alijua kosa liko wapi. Alilijua! Choki, mwanangu, umeacha choki nje, unamlewesha petroli. Akajaribu kulisema kwa nguvu zake zote, mate yakamtoka pembeni mwa mdomo, Mama Atupele akayafuta kwa khanga.

"Acha!" Mwalimu Kanuti alipaza sauti. "Mara moja tu imebaki kwenye betri hii. Nyamazeni."

Mwiko ulikuwa bandani. Akachomoa fimbo ya kupimia oili? Hapana, akaweka sikio lake moja kwa moja kwenye bati la boneti, kwenye mvua.

"Wanaimba na maji mdomoni," akasema. "Lusungu, rudisha choki. Kanyaga mafuta mpaka chini, usiachie. Hesabu ishirini. Sasa!"

Shangazi akaamka.

Wakapanda Shikamoo kwa gia ya kwanza, saa nzima kwa mwendo wa kinyonga. Chesko alisimama kwenye lile tundu la paa, analowa, anapaza sauti: "Kulia kidogo! Usifuate mkondo wa maji! Kulia!" Harufu ya chuma cha moto ikaanza kuingia nyuma. Afande aliijua harufu hiyo. Rejeta ikichemka hapa, wamekwisha. Hakuna pa kusimama, ukisimama hupandi tena. Alimsikia Mwalimu, huko mbele kando ya Lusungu, akisoma mshale wa joto kwa sauti: "Umefika kwenye nyekundu. Upo kwenye nyekundu. Bado upo." Mikono ya Mama Atupele ilimkaza kichwani. Alikuwa anaisikiliza pampu yake, sufuria yake, inazunguka mbele huko. Haikuvuja hata tone. Mshale ukasimama palepale mpaka kileleni, kisha ukaanza kushuka.

Nao wakaanza kushuka. Upande wa pili wa Shikamoo chini kuna mto, na kabla ya mto kuna kona. Lori likateleza. Kwa upenyo wa turubai Afande aliona mawingu yanazunguka juu yake. Akangoja breki zake za zamani, zile za kuomba Mungu, alizotaka kwa ubishi wake zibaki. Badala yake akasikia upepo: *fsss*. Kishindo kidogo. *Fsss.* Magurudumu yakashika, lori likanyooka. Chesko huko juu alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Hiyo ndiyo suti ya kiraia, Afande! Umeisikia?"

Na kati ya milio hiyo yote alisikia kitu kingine: klachi, mara mbili, gia, klachi, mara mbili, gia. Lusungu hakukosea hata mara moja. Miaka tisa hajashika usukani ule, na miguu yake inakumbuka kila kitu. Afande alilia, kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa halimtii.

Hospitalini daktari akasema kwamba kama wangechelewa saa moja zaidi, angekuwa anazungumza nao mambo mengine.

Wiki sita baadaye Afande akarudishwa nyumbani. Upande wa kulia umekufa. Maneno hayapo. Mkono wa kushoto unabana kidogo, na daktari alimfundisha Lusungu kuutumia: unamuuliza, akibana ni ndiyo. Jumamosi ya kwanza Lusungu akamtoa kwa kiti mpaka bandani, akamfunika blanketi, mbele ya mlango wa kijani wenye nafasi wazi.

Akaja Mwalimu Kanuti, amevaa shati la kanisani. Ana kitu kwenye mfuko wa karatasi. Akamsalimia Afande, akakaa.

Akaja Mama Atupele, ana kikapu. Akamshika Afande mkono, akakaa.

Akaja Chesko, ameficha kitu ndani ya koti.

"Baba Lusungu, pole na maumivu," akasema Mama Atupele. "Leo nimeona nije na hii, tuimalize kazi." Akatoa kikapuni kopo dogo la rangi nyeupe, na brashi mpya.

Mwalimu akalitazama kopo lile. Taratibu akafungua mfuko wake wa karatasi. Kopo la rangi nyeupe. Chesko akafungua koti, na hakuwa na haja ya kuonyesha. Kila mtu alishajua.

"La nini hilo, Mwalimu?" akauliza Mama Atupele.

"La mlango."

"Nani alikwambia?"

"Yeye. Nyuma ya banda. Mwaka juzi. Na wewe?"

"Pale mlangoni. Siku ya sufuria."

Chesko akakaa chini kwenye tairi. "Aliniambia nifunge mdomo," akasema. "Mimi! Nikaufunga miezi kumi, karibu nife."

Wote watatu wakamgeukia Afande. Loo, ndugu zangu, yale macho. Walikuwa wamemtazama kwa huruma wiki sita nzima, na sasa huruma iliondoka mbele yake, yeye anaiona inaondoka, hawezi kuikamata. Alitaka kusema: sikuwacheza shere. Kila mmoja wenu alikuwa anaenda. Niliogopa. Mdomo ukatoa "ba, ba, ba."

"Tuandike yote matatu," akasema Chesko. "Yaishe."

"Gari la watu wawili ni yatima," Mwalimu akajibu. "Alisema mwenyewe. La watatu je? Mimi niliiacha kwaya, Chesko. Bila masikio yangu siku ile betri ingekufa, naye angefia uani."

"Ungemwasha, na angechemka kabla ya kilele," akasema Mama Atupele. "Nani alimpandisha Shikamoo? Sufuria yangu. Sina nyingine."

"Na mngemfikisha kileleni mkamtumbukiza mtoni," akasema Chesko, sasa amekasirika naye. "Aliyemshusha ni mimi, na breki alizozikataa. Tazameni mkono huu. Hauna saa."

"Mimi jina silihitaji," Mama Atupele akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kinachoniuma ni ile siri. Niliamini nimechaguliwa. Mjane akiambiwa amechaguliwa, unajua analala vipi siku hiyo? Basi achague sasa. Akinitaja, nitabaki. Akimtaja mwingine, narudi ziwani. Na asipomtaja yeyote, nitajua ahadi zote tatu zilikuwa upepo."

"Nami hivyo hivyo," akasema Mwalimu. "Kwaya bado wananingoja."

Chesko akatazama chini. "Nami," akasema. "Samahani, Afande."

Lusungu alikuwa amesimama kwenye ngazi na birika la chai. Akaliweka chini. Akaja akapiga magoti mbele ya kiti, akauchukua mkono wa kushoto wa baba yake katika mikono yake miwili.

"Baba," akasema, "nitataja majina. Ukilisikia ulilolichagua, bana."

Afande akamtazama binti yake. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyokauka, ya usukani ule mzito wa Shikamoo. Alikumbuka klachi mara mbili. Kwa huyu hakuwahi kuahidi kitu, isipokuwa Ijumaa ile, na hakuitimiza. Wala yeye hakuwa ameomba lolote. Alishika usukani asubuhi moja tu, wakati hawa watatu walitoa miaka, na bila miaka yao angekuwa ameshika usukani wa chuma kilichokufa.

"Mwalimu Kanuti," akasema Lusungu, akangoja.

Nyuma yake Mwalimu alifumba macho, kama anavyosikiliza injini.

"Mama Atupele." Akangoja.

"Chesko Ngailo." Akangoja, muda mrefu kidogo.

Majina yalikuwa yamekwisha, na mkono bado haujabana. Lusungu hakuuachia mkono. Alikuwa anapumua kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, aliinua uso akalitazama lori. Jina la nne hakulitaja. Makopo matatu yalikuwa sakafuni, vifuniko vimefungwa, na brashi ingali mpya.

Mimi nilifikishwa hapo, na hapo ndipo ninapowaachia. Kuna aliyemwasha, kuna aliyempandisha, kuna aliyemshusha, na kuna aliyeliendesha. Mlango una nafasi ya jina moja. Atakayeachwa ataondoka, na mzee hana mdomo wa kumrudisha.

Haya, wewe uliyekuwa unacheka mwanzoni, leta mkono wako wa kushoto. Sasa ndio wa Afande. Utaubana kwa jina lipi?